Kupima madirisha kwa mapazia ya kushonesha: anza na bomba, kioo baadaye

"Fundi, madirisha yangu ni tano kwa tano, yapo sita. Itakuwa shilingi ngapi?"

Ujumbe wa namna hii unaingia kwenye simu yangu karibu kila wiki, na aliyeutuma anaamini kabisa kwamba ameshanipa vipimo. Bado. Alichonipa ni ukubwa wa tundu aliloacha mwashi ukutani, ile futi tano kwa tano ambayo fundi aluminiamu aliitumia kukata fremu. Pazia halikai ndani ya tundu. Linaning'inia kwenye bomba, bomba limeshikwa na ukuta, na chini linatafuta sakafu. Ninachohitaji kujua ni bomba litakaa wapi, lina urefu gani, na kutoka hapo mpaka chini ni kiasi gani. Ukubwa wa kioo unanisaidia kupanga, lakini sikati kitambaa kwa kuufuata.

Haya niliyajua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa kushona mapazia nilipokea oda ya sebule moja huko Mbagala. Vipimo vya madirisha vililetwa kwenye kipande cha boksi, nami nikajumlisha "kidogo" juu na "kidogo" chini kama nilivyoona wengine wakifanya. Siku ya kutundika, mapazia yakaishia juu ya sakafu kwa karibu shubiri nzima. Mama mwenye nyumba aliyatazama toka juu mpaka chini, akauliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Fundi, mbona mapazia yangu yamevaa kaptula?" Kitambaa nilikilipa mimi.

Kabla ya kupima: nyumba iwe imekwisha

Watu hupenda kuwahi. Nyumba bado ina vumbi la saruji, marumaru ziko kwenye maboksi barazani, lakini mapazia wanataka yashonwe ili siku ya kuhamia yawe tayari. Nawaelewa, hakuna anayetaka kulala usiku wa kwanza na shuka limepigiliwa dirishani. Ila sakafu ikiwekwa marumaru inapanda. Saruji ya kulazia pamoja na marumaru zenyewe hula sentimita 3 hadi 5 bila shida, na pazia lililopimwa kutoka zege tupu litajirundika sakafuni kama kanzu ya kuazima. Juu nako ni hivyo hivyo: dari ya jipsamu ikishuka, inakula nafasi uliyoitegemea kufungia bomba.

Pima baada ya marumaru na baada ya dari. Kama kabati la nguo na kitanda vimeshapangwa, bora zaidi, maana kabati lililosukumwa kwenye kona linaweza kukunyima sentimita 20 za bomba upande mmoja, na hilo hulioni kwenye chumba kitupu.

Futi gani, na namba zipi

Tumia futi ya chuma ya mita 5, ile ya mafundi ujenzi. Futi kamba ya kushonea nguo ina sentimita 150 tu, karibu inchi 60, na karibu kila kitu utakachopima hapa kinazidi hapo. Ikiisha unaweka kidole, unaanza upya, kidole kinateleza. Ikiwa imezeeka imeshavutika, kwa hiyo hata hizo 150 zake za kudhania. Ile ya chuma ina kikulabu kichwani kinachochezacheza. Usikigonge ukidhani kimelegea. Kimefanywa hivyo makusudi: ukikiegesha kwenye ukingo kinatoka nje kidogo, ukikisukuma ukutani kinarudi ndani kidogo, na kule kucheza ni sawa na unene wake, ili kipimo kiwe kilekile kwa njia zote mbili.

Kisha chagua sentimita au inchi, ukae na moja. Mimi nashona kwa sentimita. Futi nyingi zina pande mbili, na hapo ndipo balaa lilipo: mtu anasoma 90 upande wa inchi, anaandika "90" bila neno mbele, fundi anakata sentimita 90. Alitaka pazia la mlango, anapokea kitambaa cha meza. Ukipewa namba za futi zidisha kwa 30.5, za inchi zidisha kwa 2.54. Futi tano ni sentimita 152 na ushei, na kama mwashi alikuwa na haraka inaweza kuwa 149 au 156. Ndiyo maana hata ukijua dirisha ni "tano" bado unalipima.

Utahitaji pia ngazi au stuli isiyotikisika, penseli, pimamaji, na mtu wa kukushikia ncha ya pili. Huyo mtu wa pili ndiye husahaulika, na bila yeye futi inapinda katikati bila wewe kujua.

Hatua ya 1: Bomba litakaa wapi

Hapa ndipo penye kazi. Ukikosea hapa, hesabu zote zinazofuata zitakuwa sahihi na pazia litakuwa baya.

Anza na kimo. Katika nyumba nyingi za kwetu kichwa cha dirisha kinalingana na kichwa cha mlango, kama sentimita 210 kutoka sakafuni, na juu yake ndipo inapopita lenta. Bomba ninaliweka sentimita 15 hadi 20 juu ya kichwa cha dirisha. Likishuka zaidi ya hapo, mwanga wa asubuhi unapenya kwa juu na chumba kinaonekana kifupi. Kupanda zaidi kunaruhusiwa, hata karibu na dari, na chumba hurefuka machoni. Ila kila sentimita unayopanda unailipia kitambaa, na kuna mpaka mmoja ambao ukiuvuka gharama inaruka ghafla. Nitaufikia kwenye hesabu.

Kabla hujaridhika na mahali hapo, gonga ukuta na ujaribu tundu moja. Lenta ni zege lenye nondo ndani. Drili ya kawaida italia hapo mpaka ncha ishike moto, na hata sentimita moja hujaingia. Unahitaji drili inayogonga, yenye ncha ya zege. Tofali lililo juu ya lenta nalo linaweza kuwa na mchanga mwingi kuliko saruji, skrubu ikawa inazunguka bure. Hapo ziba kwa saruji, subiri ikauke, au sogeza breketi, yaani kishikio cha bomba. Nimewahi kuitwa kutazama bomba lililodondoka usiku na mapazia yake yote. Aliyelifunga alikuwa amepigilia misumari mifupi. Misumari ilishika lipu, tofali haikuligusa.

Sasa urefu wa bomba. Chukua upana wa dirisha, ongeza sentimita 20 hadi 25 kila upande. Mapazia yakifunguliwa hayapotei, yanahitaji pa kujikusanya. Bomba likiishia sawa na fremu, ule mkusanyiko utakaa mbele ya kioo mchana kutwa, utakuwa umelipia dirisha la mita moja na nusu ukapata mwanga wa mita moja. Kitambaa kizito chenye bitana kinataka 25 au 30. Shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, peke yake inaridhika na 15. Ukipima, hesabu urefu kati ya vichwa vya mapambo vya bomba, vichwa vyenyewe usivihesabu. Kumbuka tu kwamba vinahitaji nafasi: kichwa cha sentimita 8 hakitaingia kwenye kona yenye sentimita 5.

Zunguka sasa ukitazama vizuizi. Kiyoyozi kilicho juu ya dirisha, au pembeni mahali pazia litakapokusanyika, hakitaki kitambaa mbele yake. Swichi na soketi ambazo zitafunikwa. Kona iliyo karibu upande mmoja. Kama kulia una sentimita 12 tu na kushoto una 40, usilazimishe ulinganifu. Bomba liende 12 kulia na 30 kushoto, na kitambaa kigawanywe kisiwe sawa, au liwe pazia moja linalovutwa upande wenye nafasi. Macho yatazoea kabla ya wiki kuisha.

Kisha umbali kutoka ukutani, ambao karibu kila mtu anausahau. Grili ikiwa ndani, au kizingiti cha dirisha kikiwa kimejitokeza, au mkono wa dirisha ukielekea chumbani, breketi fupi itafanya pazia likwaruze kila linapovutwa. Shika rula ukutani, ona kitu kilichojitokeza zaidi kimefika wapi, ongeza sentimita 4. Breketi za bomba mbili, shia nyuma na pazia zito mbele, hutoka ukutani kama sentimita 15 hivi, kwa hiyo angalia kama sofa au kitanda hakitalisukuma pazia la mbele.

Bomba likizidi mita 2 linataka breketi ya tatu katikati, la sivyo litajikunja kwa uzito. Hapo kuna jambo la kuamua mapema: ringi, yale matundu ya duara yaliyobanwa kwenye kitambaa ili bomba lipite, haziwezi kuvuka breketi ya katikati. Kwa mapazia mawili yanayokutana katikati hakuna tatizo. Kwa pazia moja linalovutwa toka mwanzo mpaka mwisho, ni tatizo kubwa, na dawa yake ni reli badala ya bomba.

Ushauri wangu ambao wateja hawaupendi ni huu: funga bomba kwanza, ndipo upime pazia. Ndiyo, chumba kitakaa na bomba tupu siku kadhaa. Kama haiwezekani, weka alama za penseli mahali pa kila breketi, pima kutoka kwenye alama hizo, na bomba likija lifungwe palepale, lisihamishwe na mtu aliyeona "hapa pamekaa vizuri zaidi." Unapofunga, tumia pimamaji, lakini kama bomba liko sentimita chache tu chini ya dari, na dari yenyewe imepinda, fuata dari. Jicho litalinganisha vitu viwili vilivyo jirani, na hakuna mgeni anayeingia sebuleni na pimamaji.

Hatua ya 2: Upana

Upana wa kushonea hautoki kwenye dirisha, unatoka kwenye bomba. Bomba la sentimita 200 likipewa kitambaa cha sentimita 200, ukilifunga litakuwa ukuta wa kitambaa, limenyooka kama shuka juani. Mawimbi yanatokana na ziada. Kwa mapazia ya ringi zidisha urefu wa bomba kwa 2. Ukibana matumizi, 1.7 bado inapendeza. Chini ya 1.5 usinionyeshe. Marinda ya kushonwa yanakula 2 hadi 2.5 kulingana na aina ya rinda. Shia ni nyepesi na haina umbo bila wingi, ipe 2.5, hata 3.

Kitambaa kinene kikizidishiwa sana hakikunjiki, kinabenuka. Kile cha kuzuia mwanga nakipa 1.8 na hakuna aliyewahi kulalamika.

Hatua ya 3: Kushuka

Naomba tuache kutumia neno "urefu" kwenye karatasi ya vipimo. Urefu wa nini? Wa bomba? Wa pazia? Mteja anaandika "urefu 200, upana 230" akimaanisha bomba ni 200, nami nasoma kwamba pazia lishuke 200. Mimi naandika "bomba" na "kushuka". Bomba 200, kushuka 230. Hapo hata kijana aliyeanza kazi jana hawezi kugeuza.

Kushuka kunapimwa kutoka mgongo wa bomba, yaani juu kabisa, mpaka sakafuni. Pima sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Sakafu zetu zina mteremko, wakati mwingine makusudi ili maji ya deki yaelekee mlangoni, na tofauti ya sentimita 1 au 2 ndani ya chumba kimoja ni kawaida. Chukua namba ndogo kuliko zote. Tofauti ikizidi sentimita 2, niandikie zote tatu nitashona kila pazia kwa upande wake.

Kisha jiulize pazia linashikwaje. La ringi, kitambaa chake kinapanda juu ya bomba: ringi inakaa juu ya mgongo wa bomba, na juu ya ringi kuna ukingo wa kitambaa uliosimama. Kwa ringi za kawaida zenye tundu la sentimita 4, ukingo huo ni kama sentimita 4, kwa hiyo unajumlisha 4. La marinda linaloning'inia kwa kulabu chini ya pete za bomba linaanzia chini ya pete, kwa hiyo unapima kutoka kwenye kijitundu cha pete. La mfuko, ambalo bomba linapita ndani ya pindo, linahitaji uongeze ule ukingo wa juu kama unautaka uonekane.

Chini liishie wapi? Katika nyumba inayopigwa deki kila asubuhi, sentimita 1.5 hadi 2 juu ya sakafu. Kwa mbali linaonekana linagusa. Kwa karibu ncha ya tambara la deki inapita bila kulilowesha. Mapazia ya kuburuza sakafuni nimeshona mengi kwa sababu mteja ameona picha, na miezi mitatu baadaye nimepigiwa simu na walewale nikate pindo. Kwa vumbi la Dodoma au mchanga unaoingia na viatu Kigamboni, pazia la kuburuza ni fagio.

Jikoni, na pale ambapo kuna sinki au meza chini ya dirisha, liishie sentimita 1 juu ya kizingiti, au literemke sentimita 15 chini yake. Kinachochukiza ni pazia lililoishia njiani, si juu si chini.

Hatua ya 4: Kutoka vipimo mpaka mita za kitambaa

Tuchukue dirisha lile la tano kwa tano. Nimelipima, upana umetoka 150, kichwa kiko 210 kutoka sakafuni. Nimeongeza 25 kila upande: bomba 200. Nimepanda sentimita 20: mgongo wa bomba uko 230. Pazia la ringi, kwa hiyo 230, jumlisha 4 za ukingo wa juu, toa 2 za sakafuni: pazia lishuke 232.

Hiyo 232 ni pazia lililokwisha kushonwa. Wakati wa kukata naongeza 20 chini, kwa sababu pindo la chini ni sentimita 10 zilizokunjwa mara mbili, na 20 juu, 10 za kukunja mara mbili pamoja na mkanda mgumu wa kushikia ringi. Kukata: 272.

Upana, bomba 200 mara 2 ni 400, mapazia mawili ya 200 kila moja. Kila ukingo wa pembeni unataka sentimita 5 za kukunja. Kingo nne, 20. Jumla 420.

Sasa twende dukani, na hapa ndipo ule mpaka unapotokea. Vitambaa vya mapazia vinakuja kwa majora ya namna mbili hasa. Kuna vya upana wa sentimita 280, ambavyo vinageuzwa: upana wa jora unakuwa kimo cha pazia, nawe unanunua kwa kufuata bomba. Dirisha letu linakata 272, linaingia ndani ya 280, kwa hiyo unanunua mita 4.2 tu, hakuna mshono katikati. Umemaliza. Lakini ungepandisha bomba mpaka mgongo wake ufike 245, kukata kungekuwa 287, na jora la 280 halitoshi tena. Ama ununue kingi zaidi, ama upunguze mapindo mpaka yaonekane ya bei rahisi. Kwa mapindo kamili mgongo wa bomba usizidi 235 kutoka sakafuni. Watu wenye dari ndefu hugundua hili wakiwa mbele ya kaunta.

Kuna na vya upana wa sentimita 150. Hivi vinasimama wima, na unahesabu pande, yaani vipande vinavyoungwa ubavu kwa ubavu. 420 gawanya kwa 150 ni 2.8, unachukua pande 3. Kila upande unakatwa 272, jumla sentimita 816, unanunua mita 8.2. Upande mmoja unapasuliwa katikati ili kila pazia lipate upande mmoja na nusu. Ile nusu unaiweka upande wa ukutani, mshono ujifiche kwenye mkusanyiko, sio katikati ya chumba mapazia yanapokutana. Nimeona mafundi wenye mikono mizuri wakikosea hapo tu.

Kikiwa na maua makubwa au michoro inayojirudia, ongeza. Pima kutoka ua moja mpaka ua lile lile linapojirudia, tuseme 64. Kukata 272 hakugawanyiki kwa 64. Unapanda mpaka mara 5, yaani 320, kwa kila upande. Pande 3 zinakuwa mita 9.6 badala ya 8.2. Ukiona fundi hakuuliza mchoro unajirudia kila baada ya sentimita ngapi, muulize wewe, la sivyo ua la kushoto litatazama paja na la kulia litatazama goti.

Kwa wanaopenda kitenge: kitambaa cha yadi sita ni mita 5.5 hivi, na upana wake ni kama sentimita 115. Kinatoa pande mbili za 272, na dirisha letu linataka pande nne, kwa hiyo viwili. Lakini kitenge ni pamba, na pamba inarudi. Kifue na ukipige pasi kabla ya kukikata. Kikirudi asilimia 3, mita 5.5 zinapungua kama sentimita 16, na kila upande unabaki na pungufu ya sentimita 5 hadi 6, ambayo utaifidia kwenye pindo la chini. Afadhali pindo la sentimita 7 kuliko mapazia yanayopanda ukutani baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Shia nyingi za jora la 280 na kuendelea zina kamba yenye uzito iliyoshonwa tayari upande mmoja, ya kuzifanya zitulie upepo ukivuma. Ukiiona, upande huo ndio chini. Usiukate na usiupinde. Unarekebisha kimo kwa juu tu.

Ringi, ziwe shufwa, daima. Namba ikiwa witiri, ukingo mmoja wa pazia utaelekea ukutani na mwingine utaelekea chumbani, na mapazia yakikutana katikati yatakuwa kama watu waliogombana. Pazia letu la sentimita 200 nalipa ringi 14: sentimita 5 kutoka kila ukingo mpaka katikati ya ringi ya kwanza, kisha nafasi 13 za sentimita 14.6. Ningeweka 12, nafasi zingefika 17 na ushei na mawimbi yangekuwa mapana, ya kulegea.

Madirisha yenye mambo yake

Madirisha mawili yaliyo kwenye ukuta mmoja na kati yake kuna chini ya sentimita 40, yape bomba moja refu. Ukiweka mabomba mawili, vichwa vyake vitagongana na ule ukuta mwembamba utajaa kitambaa.

Mlango wa kioo wa kutokea barazani unapimwa kama dirisha, ila pazia lote likusanyike upande ambao kioo hakifunguki.

Nyumba za zamani za mawe, kama za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, zina kuta nene na dirisha limezama ndani. Ukitaka pazia likae ndani ya tundu lenyewe, pima upana juu, katikati na chini, uchukue mdogo, utoe sentimita 1. Kuta hizo hazijanyooka hata moja, na bomba lililokatwa kwa kipimo cha juu linaweza lisipite katikati. Hapa ndipo pekee ninapokubali kupima tundu.

Pazia la mlango, lile la varandani au la kutenga ukumbi na vyumba, mara nyingi linashikwa na springi. Springi ikatwe fupi kuliko nafasi ili ivutike, ila hata hivyo italegea katikati kwa uzito, kwa hiyo pima kushuka katikati baada ya kuifunga, na pazia likiwa jepesi. Liishie sentimita 5 au 6 juu ya sakafu. Watu wanapita hapo na sinia la chai, na hakuna mwenye mkono wa kuinua kitambaa.

Karatasi unayonipa

Kila dirisha liwe na jina lake. "Dirisha 1, dirisha 2" hazinisaidii kitu siku ya kutundika. Andika "sebule, la barabarani" au "chumba cha watoto, la upande wa tangi". Kisha: bomba (kati ya vichwa), kushuka (sehemu tatu), mgongo wa bomba uko sentimita ngapi juu ya kichwa cha dirisha, linafungwa kwa ringi au kulabu, linafunguka kwenda upande gani, na je, kuna shia nyuma. Andika "sm" mbele ya kila namba. Ukituma kwa WhatsApp, nitumie na picha mbili: moja ya ukuta mzima kuanzia dari mpaka sakafu, na moja ya futi ikiwa imeshikwa pale namba inaposomeka. Picha ya kioo peke yake, na maua nje, ni nzuri lakini siwezi kuikata.

Siku ya kutundika, mimi pindo la chini nalileta likiwa limeshikizwa kwa pini tu. Kitambaa kipya kikining'inia hushuka, hasa kile kizito kilichosokotwa kwa kulegea, na unyevu wa pwani unakiongezea. Nayatundika, nayaacha usiku mmoja au miwili, kisha narudi na pini zangu, napiga magoti, napima tena kutoka sakafuni pazia moja baada ya jingine. Wateja wengine hunishangaa: si ulishapima, fundi? Nilipima ukuta. Sasa napima kitambaa, halafu ndipo nafungua cherehani.